Ulimi Unapougua

Khutba ya Ijumaa, Kalinzi, Mkoa wa Kigoma

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu jicho la kuonea, sikio la kusikilizia na ulimi wa kusemea. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa Kalinzi, nanyi ndugu wasikilizaji mnaotupata kwa njia ya redio, kuanzia milima hii ya kahawa hadi Kigoma na Ujiji, na katika vijiji vyote vya mwambao wa Ziwa Tanganyika: ninakuusieni, nami ninaiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ulimi umehubiriwa mara nyingi juu ya mimbari. Tumeonywa juu ya uongo, kusengenya, fitina na viapo vya bure, na maonyo hayo ni ya haki. Lakini leo tutauzungumza ulimi kwa upande ambao ni nadra kuusikia msikitini. Tutauzungumza ule ulimi wa nyama, unaoweza kuguswa kwa kidole na kutazamwa katika kioo, nao ukaugua kama unavyougua mguu au tumbo. Tutazungumza juu ya saratani ya ulimi, ugonjwa ambao wengine huuita kansa, na hasa juu ya zile aina zake zilizo adimu. Mtaona kabla hatujamaliza kwamba ulimi wa nyama na ulimi wa maneno hukutana mahali pamoja, napo ni penye kitanda cha mgonjwa.

Ndugu zangu, ulimi ni kiungo cha ajabu. Ndani yake mna misuli inayokwenda kila upande, mna mishipa ya damu na ya fahamu, na mna tezi ndogo ndogo zinazotoa mate. Huko nyuma, kwenye shina lake, mna vinundu vinavyofanana na mafindofindo, ambavyo kazi yake ni kuukinga mwili na maradhi. Juu ya vyote hivyo imetandazwa ngozi nyororo yenye unyevu. Mwili wote umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Kila chembe huzaliwa, hufanya kazi yake, na hufa kwa wakati wake. Saratani ni chembe zilizoasi. Huzaliana bila ya kipimo, huvamia jirani zake, kisha husafiri hadi kwenye matezi ya shingo, na mwishowe hufika mapafuni na kwingineko.

Katika kila watu kumi wanaopatwa na saratani ya kinywa, zaidi ya tisa huwa imewaanzia katika ile ngozi ya juu. Hiyo ndiyo saratani ya kawaida ya ulimi, na visababishi vyake vikubwa vinajulikana: tumbaku ya kila namna, iwe ya kuvutwa, ya kutafunwa au ya ugoro, pamoja na pombe, na mtu akiyachanganya mawili hayo hatari huongezeka maradufu na zaidi. Ndugu zetu wa pwani na visiwani waliozoea tambuu nao wasikie: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilieleza katika kitabu chake cha mwaka 2004 kwamba popoo peke yake, hata bila ya tumbaku, husababisha saratani. Anayeweza kuyaacha haya na ayaache leo, wala asingoje kesho.

Lakini, ndugu wasikilizaji, zipo saratani nyingine za ulimi ambazo hazianzii katika ngozi hiyo. Ni chache, na kwa uchache wake hazifikiriwi, na kwa kutofikiriwa huchelewa kujulikana. Nitazitaja kwa ufupi, ili mtu akiambiwa jina lake hospitalini asidhani kwamba ametajiwa jini.

Kwanza, iko inayoanzia katika zile tezi ndogo za mate zilizomo ndani ya ulimi. Hii huota chini ya ngozi, na mara nyingi ngozi yenyewe hubaki nzima, isichubuke wala isitoe damu. Mtu huhisi uvimbe mgumu tu, au ganzi. Moja katika jamii hii, ambayo madaktari huiita adenoidi sistiki, hukua polepole sana na hupenda kufuata njia za mishipa ya fahamu. Inaweza kuondolewa, mtu akaishi miaka mingi na kuisahau, kisha ikajitokeza tena, hata mapafuni. Ndiyo sababu mgonjwa wake huambiwa arudi kutazamwa miaka nenda miaka rudi, hata kama haumwi popote.

Pili, iko saratani ya vile vinundu vya kinga vilivyo kwenye shina la ulimi, nayo huitwa limfoma. Hii mara nyingi haitibiwi kwa kisu. Hutibiwa kwa dawa, na pengine kwa mionzi.

Tatu, iko saratani ya misuli, yaani sarkoma, ambayo huweza kumpata hata mtoto mdogo asiyejua tumbaku ni nini.

Nne, iko melanoma, ambayo huanzia katika chembe zinazotengeneza rangi ya mwili. Huonekana kama doa jeusi au la kahawia linalopanuka na kubadilika. Wengi wetu tuna madoa meusi ya kuzaliwa nayo katika ulimi na ufizi, na hayo hayana neno. La kuangaliwa ni doa jipya, au la zamani lililoanza kubadilika.

Tano, iko ile iitwayo saratani ya Kaposi, kwa jina la daktari wa Vienna aliyeieleza mwaka 1872. Hii yatuhusu sana sisi watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, kwa kuwa ilikuwa ikionekana Uganda, mashariki ya Kongo na nchini mwetu muda mrefu kabla ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI wa Tanzania kuripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kinywani hujitokeza kama bato au kinundu chekundu, cha zambarau au cheusi, kwenye kaakaa, kwenye ufizi, na pengine juu ya ulimi. Mwaka 1994 wataalamu waligundua kirusi kinachoisababisha, nacho katika nchi zetu huenezwa zaidi kwa mate, na mara nyingi mtu hukipata utotoni mwake, nyumbani kwao. Wengi hukaa nacho maisha yao yote bila ya kuugua. Kinga ya mwili inapodhoofika, ndipo saratani hii hupata nafasi. Kwa hiyo humpata zaidi mwenye virusi vya UKIMWI, lakini humpata pia asiyekuwa navyo. Na mwenye navyo, akianza dawa za kupunguza makali, mara nyingi saratani yenyewe nayo hunywea.

Sasa, ndugu Waislamu, tufike kwenye jambo lililotuleta hapa.

Mtu anapougua mguu, majirani humpa pole. Lakini mtu anapougua ulimi, majirani huuliza: alisema nini? Hunong'ona kwamba alikuwa msengenyaji, au alikula kiapo cha uongo katika kesi ya shamba, au alimlaani mzazi wake, na sasa ulimi unalipa. Mwingine husema amelogwa. Mwingine akisikia jina la Kaposi hukimbilia kuhukumu ndoa ya mtu. Basi yule mgonjwa, ambaye alikuwa na kidonda kimoja, sasa ana viwili, na hiki cha pili kimetiwa na sisi.

Hebu tuzipime kauli hizo kwa yale tuliyoyasikia hivi punde. Mtoto mwenye uvimbe katika msuli wa ulimi alimsengenya nani? Mama ambaye hajaonja tumbaku wala pombe, akaota uvimbe katika tezi ya mate, alikula kiapo gani? Kama saratani ya ulimi ingekuwa adhabu ya uongo, ndugu zangu, ni nyumba ngapi za Kigoma, za Dar es Salaam na za dunia nzima zingebaki na ulimi mzima? Hizi aina adimu ni ushahidi uliosimama mbele yetu kwamba ugonjwa hauchagui muovu. Hata yule ambaye tumbaku ndiyo iliyomponza, yeye ni mgonjwa, na haki ya mgonjwa ni kutibiwa na kuzuriwa. Haikuwekwa haki ya kumhukumu.

Na tujue kwamba hukumu hiyo huua. Huua kwa njia iliyo rahisi kueleweka: mgonjwa huficha. Hufunga mdomo, hula peke yake, huacha barza, na akiulizwa husema ni jino. Wakati anaficha, uvimbe uliokuwa kama punje ya mtama huwa kama punje ya kahawa, kisha hushuka shingoni. Uvimbe mdogo mara nyingi huondolewa kwa upasuaji mdogo, na mtu akarudi kusema, kula na kuswali kama kwanza. Uvimbe uliochelewa hudai nusu ya ulimi, na pengine zaidi, na matezi ya shingo pamoja nao. Na kuna wakati daktari huwa hana tena la kufanya ila kupunguza maumivu.

Kuchelewa huku hakuchagui cheo. Jenerali Ulysses Grant aliwahi kuwa Rais wa Marekani, tangu mwaka 1869 hadi 1877, naye alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Katika kiangazi cha mwaka 1884 alikula tunda, akahisi maumivu makali kooni. Daktari mmoja alimtazama na kumhimiza aende upesi kwa tabibu wake. Hakwenda mpaka mwezi wa Oktoba. Ilikuwa saratani ya koo, karibu na shina la ulimi, na tarehe 23 Julai 1885 alifariki dunia. Mtu huyu alikuwa ameongoza majeshi na kutawala nchi kubwa, wala hakukosa nauli ya kumfikia daktari. Alichokikosa ni ile miezi michache.

Nasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe mimi nanyi, kwani Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

Ndugu Waislamu, Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, akatufundisha kwamba maradhi hayakuteremshwa bila ya dawa yake. Kwa hiyo kutafuta matibabu hakupunguzi imani ya mtu, wala kukaa na ugonjwa kimya hakumwongezei mtu subira. Yatupasa basi tujue la kufanya.

La kwanza ni kujitazama. Simama penye mwanga, ushike kioo. Toa ulimi, utazame juu yake, kisha pande zake mbili, kwani ubavuni ndipo saratani nyingi zinapoanzia. Uinue utazame chini yake. Osha mikono, upapase kwa kidole kama kuna kigumu. Papasa na shingo, chini ya taya. Dalili za kuangalia ni hizi: kidonda kisichopona, uvimbe, hata kama hauumi, bato jeupe au jekundu lisilofutika, damu isiyo na sababu, ganzi, ulimi kuwa mzito, au kwenda upande mmoja unapoutoa, kumeza kwa shida, sikio moja kuuma bila ya kuwa na ugonjwa wake, na tezi la shingo lisilonywea.

La pili ni kuhesabu siku. Kidonda cha kujiuma, cha pilipili au cha homa hupona chenyewe kwa siku chache. Kidonda au uvimbe wa kinywa uliopita majuma mawili bila ya kupona, usiungoje wa tatu. Usiseme, "Nitakwenda baada ya kuvuna kahawa." Kahawa ikichelewa hupungua bei; hiki kikichelewa hakina bei. Wala usidanganyike kwa kuwa hakiumi, kwa maana nyingi katika saratani hizi mwanzoni haziumi kabisa, na maumivu yanapokuja huwa yanaleta habari ambayo muda wake umepita.

La tatu ni kujua pa kwenda. Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya kupelekwa mbele. Kutoka huku Kalinzi njia hushuka hadi Mwandiga, na hapo Kigoma mjini si mbali, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Ikilazimu kwenda mbele zaidi, iko Bugando huko Mwanza. Na Dar es Salaam iko Muhimbili, na iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambayo jengo lake la kwanza lilianzwa na Wajerumani mwaka 1895, nayo ikawa taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na hatuwezi kusema kwamba ni nyepesi.

La nne ni kutoogopa kipimo. Daktari atataka kukata kipande kidogo cha nyama ili kitazamwe kwa hadubini. Wapo wanaosema kwamba uvimbe ukiguswa na chuma hukasirika na kusambaa. Neno hili limewarudisha wengi njiani. Mmesikia wenyewe kwamba saratani za ulimi si moja: nyingine ni ya kisu, nyingine ya dawa, nyingine ya mionzi, nyingine ya kuanza kwanza kuijenga kinga ya mwili. Kwa macho matupu hata daktari bingwa hawezi kuzitenga zote. Kile kipande kidogo ndicho kinachosema ni ipi. Asiyepimwa hutibiwa kwa kubahatisha.

La tano, tusiuache ulimi mikononi mwa wasioujua. Katika nchi yetu wako wanaokata vilimi vya watoto kwa ajili ya kikohozi, na madaktari wamelionya jambo hilo kwa sababu ya damu na maambukizo yanayofuata. Basi sembuse uvimbe! Kuukata kwa wembe au kuupaka dawa ya kuunguza huchelewesha matibabu ya kweli na kuuficha ugonjwa usitambulike.

Na pengine mtu atauliza: ugonjwa ulio adimu hivyo, wa nini kuutaabikia? Jibu limo katika historia ya eneo letu hili. Jirani wa ulimi ni taya. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa Kampala, Denis Burkitt, aliona watoto waliovimba taya, meno yao yakilegea, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Aliwapelekea madaktari wa hospitali nyingi za Afrika karatasi zenye picha, akiwauliza kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari muda wa majuma kumi, wakapita Tanganyika na nchi nyingine kuelekea kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ikadhihirika kwamba ugonjwa ule ulifuata nchi za joto na mvua, zilizo na malaria nyingi. Mwaka 1964, katika chembe zilizotoka Kampala, wataalamu wa London waliona kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana. Na uvimbe ule uliokuwa ukiwamaliza watoto, leo wengi wao huponywa kwa dawa, wakifikishwa mapema.

Elimu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa wazazi wa vijijini waliowabeba watoto wao mpaka hospitali, wakaandikwa kitabuni, wakahesabiwa. Mgonjwa wa maradhi adimu anayejitokeza hujisaidia mwenyewe, na humsaidia pia mwenzake asiyemjua, atakayeugua baada yake. Anayefichwa nyumbani huzikwa pamoja na habari yake.

Mwisho, ndugu zangu, ni wajibu wetu sisi tulio wazima. Nauli ya Dar es Salaam ni nzito kwa mkulima mmoja, lakini si nzito kwa jamaa ya msikiti mzima. Tunachangiana harusi na tunachangiana mazishi. Basi tuchangiane na kabla ya mazishi. Apatikane wa kumsindikiza, na apatikane wa kulitazama shamba lake na watoto wake. Akirudi hawezi kutafuna, mama zetu na wampikie uji laini na mchuzi uliochujwa, usio na pilipili. Akirudi usemi wake hausikiki vizuri, tumpe muda wa kusema, wala tusimmalizie maneno yake kama kwamba ni mtoto.

Na wewe ndugu uliye mgonjwa, pengine unachokiogopa zaidi ya kisu ni kwamba hutaweza tena kusoma Kurani kwa ulimi wako. Wanavyuoni wetu wamefundisha kwamba aliyezuiwa na ugonjwa asiweze kutamka, swala yake haipotei kwa sababu hiyo. Aliyeuumba ulimi anaisikia nia kabla haijaufikia ulimi. Nenda ukatibiwe, na moyo wako utulie.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, waliolala hospitali na waliojificha majumbani. Uwape wauguzi na madaktari wetu elimu na huruma. Uwarehemu waliotutangulia kwa maradhi haya. Uzihifadhi ndimi zetu na ugonjwa, na uwahifadhi wagonjwa na ndimi zetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.